Nani Amekupa Mkoba?

Wengi mlikwama kwenye theluji Jumamosi ile, mkaniandikia mkitaka kujua nilisema nini ukumbini juu ya mafunzo ya kuhudumia watu. Hii hapa yote, kama ilivyotoka mdomoni. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu wa Bukavu, Uvira na Goma, jambo sana. Wa Mombasa, Nairobi na Eldoret, hamjambo? Na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke chakula kikiiva, nawaona.

Nimeitwa niseme juu ya mafunzo. Nikiangalia ukumbini humu, zaidi ya nusu yetu tunakula kwa kazi ya kuhudumia watu. Huyu anaogesha wazee, yule anakesha na vijana kwenye nyumba za malezi, binti yule pale anasomea ustawi wa jamii na mwezi wa sita anavaa joho. (Vigelegele vya mama yake mmevisikia.) Na hapa Edmonton, jimbo la Alberta, Kanada, ukishaanza kuhudumia watu, wiki haipiti hujakutana na wenyeji asilia wa nchi hii: Wakri, Wadene, Wametisi, na Wainuiti wanaoletwa kwa ndege kutoka kaskazini kuja kutibiwa. Sisi tumekuja juzi. Wakri na majirani zao walitiliana saini na wawakilishi wa Malkia wa Uingereza mwaka 1876, Mkataba Namba 6, na ardhi tuliyopanga viti leo imo ndani ya mkataba huo.

Kwa hiyo nina swali moja tu, nitalirudia mpaka mnichoke. Nani amekupa mkoba?

Watu wa Pwani wameshaelewa. Kwa wengine nieleze. Kwetu mganga hajitangazi. Anakaa na mganga mkubwa miaka, anabeba vikapu, anachimba mizizi, anatumwa, anatukanwa, na siku ikifika anakabidhiwa mkoba mbele za watu. Watu wanashuhudia. Siku akiharibu, wanajua wa kumwuliza ni nani. Kungwi hivyo hivyo. Nyakanga wa jando hivyo hivyo. Huwezi kuamka asubuhi ukasema wewe ni kungwi kwa sababu umesoma kitabu.

Bibi yangu mzaa mama, kule Muheza, alikuwa mkunga wa jadi. Miaka ya themanini wakunga wa jadi walikuwa wakiitwa semina, naye akaitwa. Alirudi na kisanduku: wembe, uzi, sabuni, kipande cha plastiki cha kutandika. Akakiweka juu ya kabati kama kombe la mpira. Mimi mtoto nikamwuliza, "Bibi, wamekufundisha nini?" Akasema, "Kunawa mikono." Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikauliza tena, "Na wewe umewafundisha nini?" Akanitazama, akasema, "Hawakuuliza."

Hawakuuliza! Mwanamke aliyepokea watoto wa vijiji vitatu, anayejua mama yupi anapigwa nyumbani, mama yupi hajala tangu jana, binti yupi mimba kaificha mpaka mwezi wa saba. Hawakuuliza. Msinielewe vibaya, wembe mpya si kitu kidogo, pepopunda iliua watoto wengi, na bibi aliutumia wembe ule mpaka ukaisha akaenda kudai mwingine. Lakini somo lilikwenda upande mmoja tu, kama maji ya mfereji.

Haya, tuache Muheza, turudi huku.

Ukitoka hapa ukaelekea kaskazini mashariki, kama kilomita 200, kuna mji mdogo unaitwa St. Paul. Nje yake kuna jengo kubwa la Blue Quills, lililofunguliwa 1931 kuwa shule ya bweni ya watoto wa wenyeji asilia. Shule hizo mmezisikia kwenye habari. Nchi nzima, watoto kama 150,000 walipita humo, serikali ikilipa na makanisa yakiendesha. Mtoto akifika ananyolewa, akisema lugha ya mama yake anachapwa. Shule hizo zilidumu zaidi ya miaka 100. Za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Baadhi yetu humu tulikuwa tumeshazaa.

Mwaka 1970 serikali ikapanga kuachana na shule ile ya Blue Quills, watoto waende shule za mjini. Niwaulize: mngekuwa ninyi mngesemaje? Mimi ningesema ifungwe, ivunjwe, mawe yake yatupwe mtoni. Wazazi wale walisema neno ambalo mpaka leo linanishangaza. Walisema: tupeni sisi.

Wakaingia ndani, wakakaa. Julai 1970. Wazee, kina mama, watoto, mahema uwanjani, ngoma, vyungu motoni. Mamia ya watu walipokezana, huyu akienda kuangalia mifugo yake, mwingine anashika zamu. Siku kumi na saba! Waziri aliyehusika alikuwa Jean Chrétien, yule aliyekuja kuwa waziri mkuu. Mwisho akakubali. Ikawa shule ya kwanza nchini kuondoka mikononi mwa serikali ikawa ya wenyeji asilia wenyewe.

Nimekwenda pale. Ngazi ni zile zile ambazo watoto walipandishwa kwa mstari. Leo ni chuo kikuu, tangu 2015, chenye jina refu la Kidene na Kikri ambalo nimejaribu kulitamka mara tatu mbele ya wenyewe, na mara zote tatu wameniomba kwa upole niseme Blue Quills tu. Wenye mali ni jamii saba za Wakri na Wadene. Kijana anayejifunza kazi ya jamii pale anasoma sheria na nadharia kama mwenzake wa mjini, lakini anakaa pia na wazee, anaingia kwenye sherehe, anajifunza lugha, na anayafanya hayo ndani ya jengo ambamo bibi yake alilazwa akilia. Nani amempa mkoba? Wanaujua uso wake. Siku akiharibu, watakwenda kwa mama yake.

Mbona nakazania ustawi wa jamii? Kwa sababu kwa watu hawa, afisa ustawi wa jamii ndiye aliyekuja na gari kuchukua watoto. Shule za bweni zilipoanza kupungua, miaka ya sitini na kuendelea, watoto kwa maelfu waliondolewa majumbani wakagawiwa familia za kizungu, wengine mpaka Marekani. Na haijaisha. Sensa ya 2021 inasema watoto wa wenyeji asilia ni chini ya 8 katika kila watoto 100 wa Kanada, lakini kati ya watoto walio kwenye malezi ya kambo, zaidi ya nusu ni wao. Zaidi ya nusu.

Hapa naona mama mmoja kashika kifua. Nakujua unafikiria nini, dada. Nasi tunaogopa hilo hilo. Nani humu hajawahi kumwambia mtoto, nyamaza, serikali itakuchukua? Tunaingia nchi hii tukiwa na hofu hiyo kwenye begi. Basi jueni kuna watu waliokaa na hofu hiyo vizazi vitano, na wameshaanza kuitafutia dawa. Sheria iliyoanza kutumika Januari 2020 inazitambua jamii hizo kuwa na haki ya kujitungia taratibu za malezi ya watoto wao, na Mahakama ya Juu iliithibitisha 2024. Kutunga sheria ni jambo moja. Atakayekaa mezani kuitekeleza atoke wapi? Ndiyo maana Blue Quills ina maana.

Nisogee. Huko British Columbia, jimbo jirani, karibu na Williams Lake, kuna jamii ya Wasekwepemki inayoitwa Esk'et, zamani ikijulikana kama Alkali Lake. Wanaishi kwenye rizavu, yaani ardhi waliyotengewa na serikali. Neno hilo siwezi kulitafsiri kuwa hifadhi, maana sisi tuliozoea Serengeti tutadhani wanalindwa. Mwanzoni mwa miaka ya sabini pombe ilikuwa imeimeza jamii ile karibu yote. Mtu mzima asiyelewa ungemtafuta kwa tochi.

Mwaka 1972 binti wa miaka saba alikuwa amelala kwa bibi yake. Mama yake, Phyllis Chelsea, akaenda kumchukua. Mtoto akakataa. Akasema harudi nyumbani kwa sababu mama na baba wanakunywa sana. Basi. Hakuna mhubiri, hakuna semina. Phyllis akaacha pombe siku ile. Mume wake Andy akamfuata siku chache baadaye. Jamii nzima, watu wawili tu!

Na mnadhani walipigiwa makofi? Walichukiwa. Andy alipochaguliwa kuwa chifu aliwakabili waliokuwa wakiingiza pombe, hata jamaa zake. Posho ya serikali ikabadilishwa kuwa hati za chakula ili isiishie chupani. Mtu akikubali kwenda kutibiwa ulevi, waliobaki walilea watoto wake na kumtengenezea nyumba, akirudi anakuta mlango mpya na rangi mpya. Hebu lifikirieni hilo. Umezoea kurudi kutoka hospitali unakuta bili. Yeye anakuta watu wamempakia nyumba rangi.

Halafu wakagundua kwamba ukishaacha pombe kunabaki shimo. Sherehe zao zilikuwa zimepotea, wakaalika wenye ujuzi kutoka jamii nyingine waje kuwafundisha upya, pamoja na kibanda cha jasho. Wabongo, mnakumbuka nyungu ya 2020, wakati wa korona? Blanketi, sufuria, majani, jasho linakutoka mpaka kisogoni? Kibanda chao ni cha vijiti vilivyopindwa kama upinde, kimefunikwa giza totoro, mawe yanachomwa nje mpaka yanakuwa mekundu, yanaingizwa, yanamwagiwa maji. Lakini mawe yale wanayaita mababu. Mnaomba, mnaimba, mnasema yaliyowakaa rohoni, raundi nne. Ukitoka unatambaa, huwezi kutoka umesimama hata uwe profesa. Miaka kumi na mitatu baada ya mtoto yule kukataa, habari za Esk'et zilisimuliwa duniani kwamba watu 95 katika kila 100 hawanywi.

Na hapa hapa kwetu Alberta, tangu 1974, taasisi ya Nechi iliwafundisha wenyeji asilia kuwa washauri wa watu wenye ulevi. Wazo lililokuwa kiini cha kazi ile lingemfanya bibi yangu atikise kichwa akubali: mshauri aanze na kidonda chake mwenyewe kabla ya kugusa cha mwenzake.

Sasa nijitaje mimi, maana mpaka sasa nimewasema wengine.

Mwaka wangu wa pili hapa nilifanya kazi usiku kwenye nyumba ya wazee. Siitaji, msiniulize. Kulikuwa na mzee wa Kikri, mkimya, vidole vimekunjamana kama tangawizi. Usiku mmoja akaniomba nimwashie kidogo majani yake, yale ya kujifukiza, aliyaweka kwenye kopo la kahawa. Nikamwambia, "Mzee, hairuhusiwi, king'ora cha moto kitalia." Nilisema kwa adabu kabisa. Akafunga kopo. Asubuhi yake mwenzake alitimiza miaka tisini, tukaleta keki, tukawasha mishumaa tisa, tukaimba. King'ora hakikulia. Mzee yule alikuwa ananiangalia mimi, si keki.

Mimi! Mimi niliyefukizwa ubani kila Alhamisi jioni mpaka nguo zangu za shule zikanuka udi. Nilikuwa na cheti cha kumhudumia. Sikuwa nimeuliza kopo lile lina nini.

Tume ya ukweli na maridhiano ya nchi hii ilitoa miito 94 ya kuchukua hatua mwaka 2015. Wa 22 unawataka wenye uwezo katika mfumo wa afya watambue uponyaji wa wenyeji asilia na kuutumia pamoja na waganga na wazee wao, pale mgonjwa mwenyewe anapoomba. Pale mgonjwa mwenyewe anapoomba. Mzee yule aliomba, na aliyekataa ni mimi, mjukuu wa mkunga.

Nikaamua kujifunza. Nikatafutiwa bibi mmoja wa Kikri, nikaenda na daftari, kalamu mbili na maswali kumi na manne niliyoyapiga chapa. Akanikaribisha chai. Akaniuliza watu wangu ni nani, nikajibu. Akaniuliza bibi yangu alikuwa anafanya nini, nikajibu. Nikatoa karatasi yangu. Akaiangalia, akaongeza chai. Saa mbili nzima tulizungumza juu ya mbwa wake. Nikaondoka na karatasi tupu.

Nje mjukuu wake akanionea huruma. "Shangazi, umekuja bila tumbaku." Kwa Wakri, ukitaka jambo kwa mzee unapeleka tumbaku, siyo ya kuvuta, ni ya heshima. Unaitoa, unasema haja yako. Akiipokea, amekubali kukubeba na haja yako. Asipoipokea, nenda nyumbani. Ndugu zangu, si nilikuwa nalijua hili? Kwetu unakwenda kwa fundi mkono mtupu? Kuna kilemba cha fundi, kuna ubani wa mzee. Shule ilikuwa imenisahaulisha nikaona daftari linatosha.

Nikarudi na tumbaku nimeifunga kwenye kitambaa. Nikashindwa hata kusema Kiingereza vizuri. Akaipokea kwa mkono wa kushoto, akakaa kimya, kisha akaniita *nosisim*, mjukuu wangu. Na wao bibi wanamwita *kokum*. Wakongomani mmecheka, ndiyo, ni karibu na *koko* wenu wa Kilingala, na Wamasai nao bibi ni koko. Sisemi ni ukoo mmoja. Nasema nilipolisikia miguu iliniisha nguvu.

Alichonifundisha tangu siku ile sitawaambia chote, kwa sababu kingine si changu kukisema, na hilo ni somo la kwanza alilonipa. Kuna mambo yanasemwa majira ya baridi tu. Kuna mengine yanasemwa ndani ya kibanda yakabaki ndani ya kibanda. Chuo kinakufundisha kuandika kila kitu. Mkoba unakufundisha pia kufunga.

Najua kuna mchungaji hapa mbele amekunja mikono, na ustadhi kule naye. Mnataka kuuliza kama huu si ushirikina. Swali halali, nami ni mtu wa ibada. Nitajibu kwa kifupi. Serikali ya Kanada iliwahi kuuliza swali hilo, ikajijibu kwa polisi: kuanzia 1885 mpaka 1951 sheria ilipiga marufuku sherehe zao, watu wakafungwa kwa kucheza ngoma na kugawa zawadi. New Zealand walipitisha sheria dhidi ya waganga wa Kimaori 1907, ikafutwa 1962. Kenya waliandikiwa sheria ya uchawi 1925, Tanganyika 1928. Mkoloni hakusumbuka kutenganisha mganga na mchawi, na sisi tumerithi uvivu wake.

Lakini sitawadanganya kwamba kila mwenye kibuyu ni mtu mwema. Tuliona nyumbani. Ndugu zetu wenye ualbino wameuawa kwa maneno ya wapiga ramli, mpaka Januari 2009 serikali ya Tanzania ikafuta vibali vya waganga. Hata huku wapo wanaonunua ngoma mtandaoni, wanavaa manyoya, wanatoza dola mia kwa jasho la wikendi. Wazee wa Kikri wanawajuaje? Kwa swali lile lile. Nani amekupa? Ulikaa kwa nani? Miaka mingapi? Anayejibu kwa kutaja mji na ukoo wanamsikiliza. Anayejibu kwamba alioteshwa tu, wanaongeza chai.

Tanzania tuna sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu 2002, na baraza la kusajili waganga. Vizuri. Ila usajili ni karatasi, na karatasi nimeshawaambia nilikwenda nayo, ina maswali kumi na manne.

Nimalizie na la kufanya, maana pilau naisikia. Bibi yule amekubali kutupokea Jumamosi ijayo, watu kumi na wawili, si zaidi. Mifuko ya tumbaku iko pale mezani, nimeifunga mwenyewe jana usiku kwa kitambaa chekundu. Unayekwenda chukua mmoja. Usiyekwenda usiguse. Daftari zibaki nyumbani, simu zibaki garini. Akiwapa chai mnywe, hata kama haina sukari, na akianza habari za mbwa wake msikilize mpaka mwisho. Mwenye gari la viti saba anione kabla hamjapakua.